Taa za Onyo za Injini: Ipi Isimamishe Gari, Ipi Ikupe Muda

Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, taa nyingi za dashibodi huwaka kwa pamoja, kwa kuwa gari linaonyesha kwamba taa zenyewe ni nzima. Injini ikishanguruma, ya oili, ya betri na ya injini zinapaswa kuzimika baada ya sekunde chache. Anayenunua gari lililotumika asiiruke hatua hii. Taa ya injini isiyowaka kabisa swichi inapofunguliwa huenda imezimwa makusudi ili kuficha ubovu.

Kwa kawaida taa nyekundu hudai usimame, na ya manjano hukupa nafasi ya kufika kwa fundi. Nyekundu ya kuogopwa kuliko zote ni ile yenye picha ya kopo la oili linalodondosha tone. Wengi hudhani inasema oili imepungua, kumbe inahusu presha: kopo linaweza kuwaka hata oili ikiwa imejaa, endapo pampu imechoka au njia ya oili imeziba. Presha ikikosekana, vyuma husagana vikavu na injini inaweza kunoki kwa dakika chache tu. Egesha pembeni, zima injini, subiri dakika kama kumi, kisha chomoa kijiti cha kupimia. Ikiwa oili iko chini ya alama, ongeza. Ikiwa kiwango ni sahihi na taa bado inawaka, gari livutwe, hata kama gereji iko mtaa wa pili.

Magari madogo kutoka Japani, kama vile Toyota Vitz nyingi, hayana mshale wa joto. Taa ya buluu huwaka injini ikiwa ya baridi na kuzimika ikipata moto. Ikiwaka nyekundu, injini imechemka. Usifungue mfuniko wa rejeta wakati huo, kwa sababu maji yaliyo chini ya presha yanaweza kuruka na kukuunguza. Acha ipoe kabisa.

Taa ya betri mara nyingi haiilaumu betri, bali uchajishaji. Injini ikiwa inazunguka, betri inapaswa kupata takriban volti 13.5 hadi 14.5 kutoka kwa alteneta, yaani kifaa kinachozalisha umeme injini inapozunguka. Angalia kwanza mkanda unaozungusha alteneta, kwani katika injini nyingi mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji, na ukikatika, joto litafuata.

Inabaki taa ya manjano yenye umbo la injini. Ikiwaka bila kupepesa na gari linakwenda vizuri, endesha kwa utulivu hadi upate fundi mwenye mashine ya kusoma kodi, yaani alama za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari. Ikipepesa, kwa kawaida silinda mojawapo haichomi ipasavyo, na petroli isiyoungua inaingia kwenye kichujio cha ekzosi na kukiharibu kwa joto. Punguza mwendo na usimame mapema.

Kodi nayo haisemi kifaa cha kununua. P0171, kwa mfano, husema tu kwamba petroli ni kidogo kulinganisha na hewa, na chanzo chaweza kuwa bomba la hewa lililopasuka, sensa ya hewa yenye vumbi au pampu dhaifu ya mafuta. Fundi anayeanza kwa kuchomoa betri ili taa izimike anaweza kufuta kumbukumbu ya kodi hizo. Mwombe aandike kodi zote kwanza, ndipo azifute.