Banda la Bustani Msimu wa Theluji: Hita Iwe ya Mwisho Kununuliwa

Msimu wangu wa kwanza nilianza kinyumenyume. Niliweka hita ya wati 2,000 ndani ya banda tupu la mbao, nikapanga trei za saladi, nikaenda kulala. Nje ilikuwa nyuzi 7 chini ya sifuri za Selsiasi. Asubuhi kipimajoto cha ndani kilisoma 6, na hita ilikuwa haijapumzika usiku kucha. Nilikuwa nateka maji kwa pakacha.

Msimu wa pili nikajaza ukutani vihami joto, yaani vitu vinavyozuia joto lisitoroke, na mboga zikastawi. Baridi ilipoisha nikabandua ubao mmoja kupitisha waya, nikakuta sufi ya mawe (nyuzi laini za mwamba, ndizo nilizotumia kuhami) imelowa chepechepe na nguzo zimekuwa nyeusi kwa kuvu. Baridi nilikuwa nimeishinda. Maji yakanishinda mimi. Hatua zilizo hapa chini ni jinsi nilivyolitengeneza upya banda la kukuzia mboga, kwa mpangilio ambao ningeufuata tangu mwanzo.

Hatua ya 1: Amua utapanda nini

Hapa ndipo ukubwa wa hita unapoamuliwa, ingawa wengi huruka. Spinachi na saladi hukua vizuri kwenye nyuzi 12 hadi 18. Mrehani ukishuka chini ya 10 majani hupata madoa meusi. Nyanya na pilipili zinataka joto zaidi, na mbegu za pilipili huota vizuri kati ya nyuzi 24 na 28. Lakini mbegu hazihitaji banda zima liwe hivyo: mkeka wa umeme chini ya trei unatosha kupasha udongo. Mimi naendesha banda kwa nyuzi 18 taa za kukuzia mimea zikiwaka na 14 zikizimwa. Ukiwa na mboga za majani tu, unaweza kushuka zaidi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya joto linalotoroka

Banda langu ni mita 3 kwa 2.4, kimo mita 2.2. Kuta, sakafu na dari kwa pamoja ni kama mita za mraba 38. Ukuta wa ubao mtupu hupitisha takriban wati 3.5 kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Ukitaka 18 ndani wakati nje ni 7 chini ya sifuri, tofauti ni nyuzi 25. Basi 38 × 3.5 × 25: zaidi ya wati 3,300, na bado sijahesabu upepo unaopenya. Ndiyo maana hita yangu ya 2,000 ilikesha bure.

Weka milimita 50 za polistairini, lile povu jeupe la punjepunje linalofungashiwa televisheni, na ile 3.5 inashuka hadi karibu 0.65 hata ukihesabu nguzo zinazokatiza. Sasa hesabu inatoa kama wati 620. Bodi ngumu zenye foili pande zote mbili ni bora zaidi kwa unene uleule, na zinafaa kama banda ni dogo na kila sentimita ina thamani.

Dirisha lenye kioo kimoja hupitisha wati kama 5.8. Yaani mita moja ya kioo inapoteza joto sawa na karibu mita 9 za ukuta uliowekewa kihami joto. Jua la msimu wa baridi ni dhaifu na taa unazo. Mimi dirisha nililiziba lote kwa bodi na sijalikumbuka.

Hatua ya 3: Ziba mianya

Ngoja siku ya upepo, ingia mchana, funga mlango, zima taa. Kila unapoona mstari wa mwanga, hapo pana mwanya. Kisha washa udi na uupitishe polepole kwenye pembe, kwenye maungio ya sakafu na ukuta, na kuzunguka mlango: moshi ukiyumba, weka alama kwa chaki. Nyufa nyembamba jaza silikoni, mianya mipana jaza povu la kupuliza. Mlango uwekee mpira wa kuziba pande zote nne, na upande wa chini usiusahau. Methali ya ufa na ukuta hapa inageuka: utajenga ukuta mzuri mpya, halafu ufa wa mlango ndio utakaokuumbua.

Tundu zote za chini zizibe kwa wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Panya hawali polistairini, ila wanapenda kutoboa mahandaki ndani yake, na banda lenye joto ni mwaliko.

Hatua ya 4: Sakafu, kuta, paa

Sakafu kwanza, kwa sababu mabanda mengi yameinuliwa juu ya matofali na upepo unapita chini. Tumia aina ngumu ya bodi ya povu isiyonyonya maji, milimita 50, kisha plaiwudi ya milimita 18 juu yake ili ibebe uzito wa rafu na mapipa.

Kwenye kuta, kata bodi zikae kati ya nguzo kwa kubana. Zikibaki na nafasi ya kidole pembeni, jaza povu. Usizikate kwa msumeno wenye meno makubwa kama hutaki kuokota punje nyeupe hadi mwakani. Kisu kirefu chenye makali, mikato miwili, kisha vunja.

Paani acha nafasi ya kama milimita 50 kati ya kihami joto na mbao za paa, na nafasi hiyo iwe wazi kwa nje pande zote mbili ili hewa ipite. Bila hivyo umande utajikusanya chini ya paa na kudondoka.

Hatua ya 5: Karatasi ya nailoni, upande wa ndani

Hii ndiyo hatua niliyoiruka.

Mmea haubaki na maji unayoupa. Karibu yote hupanda kwenye shina na kutoka majani yakiwa mvuke. Mimi namwagilia lita 3 kwa siku, kwa hiyo lita 3 zinaelea hewani kila siku zikitafuta pa kwenda. Hewa ya nyuzi 18 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 12 au chini. Uso wa ndani wa ukuta uliowekewa kihami joto una joto zaidi ya hapo, kwa hiyo huoni tone hata moja na unajipongeza. Lakini mvuke unapenya ndani ya ukuta, na mahali fulani katikati unakutana na hiyo nyuzi 12. Hapo unageuka maji, gizani, usipopaona.

Dawa ni karatasi nzito ya nailoni, unene usiopungua milimita 0.15, juu ya vihami joto kwa upande wa ndani, yaani upande wenye joto. Ukiiweka upande wa nje umefungia maji ukutani. Mapande yapishane sentimita 15 na yabandikwe kwa tepu. Kila skrubu ya rafu, kila waya, kila bomba linalotoboa nailoni lizungushiwe tepu. Ni kazi ya kuchosha na ndiyo pekee ninayoirudia kuikagua mara mbili.

Juu ya nailoni piga plaiwudi au bodi za jipsamu zinazostahimili unyevu. Povu lisiachwe wazi: likishika moto huwaka upesi na moshi wake ni sumu.

Hatua ya 6: Umeme

Anza kwa fundi umeme aliyesajiliwa. Waya wa kurefusha uliopitishwa dirishani si suluhisho la msimu mzima. Banda liwe na laini yake kutoka nyumbani, kebo yenye ganda la chuma iliyofukiwa, sakiti breka yake, na kikatio kinachozima chenyewe mkondo unapovuja kwa miliampea 30. Soketi ziwe juu, usawa wa kifua, mbali na mahali maji yanapoweza kumwagika. Mzigo unaowaka saa nyingi mfululizo usizidi asilimia 80 ya uwezo wa laini.

Hatua ya 7: Taa kwanza, kisha hita

Umeme wote unaoingia kwenye taa za LED huishia kuwa joto humo humo ndani. Taa za wati 300 ni hita ya wati 300. Kwa hiyo ziwashe usiku, baridi inapokuwa kali, na giza la mimea liwe mchana. Saladi haijui saa ya ukutani.

Turudi kwenye hesabu: wati 620 za kuta, ongeza 130 za kubadilisha hewa mara moja kwa saa, jumla 750. Toa 300 za taa. Hita inabaki na kazi ya wati 450 usiku mbaya. Mimi natumia hita ya umeme yenye mapezi na mafuta yaliyofungiwa ndani, ya wati 1,000, ili iwe na akiba. Themostati, kifaa kinachowasha na kuzima hita kulingana na joto, iwe ya kuchomekwa ukutani, na kihisio chake kining'inie usawa wa majani, pasipo kuangaliwa na taa wala kupulizwa na hita.

Hita za gesi au mafuta ya taa zisizo na bomba la kutolea moshi sizikaribishi. Zinatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Tena kila kilo ya gesi ya propani inayoungua inazaa kilo 1.6 za maji, na maji ndiyo tunayopigana nayo.

Mapipa ya maji ya kuhifadhi joto yanasifiwa kupita kiasi. Lita 100 zikipoa kwa nyuzi 5 zinarudisha joto la chini kidogo ya wati 600 kwa saa moja. Ni msaada umeme ukikatika kidogo, si zaidi.

Hatua ya 8: Feni ya kutoa hewa

Inauma kutupa hewa uliyoipasha, lakini tazama. Hewa ya nje kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri haibebi hata gramu 3 za maji kwa mita ya ujazo. Ile ya ndani inabeba karibu 11. Kila mita unayobadilisha inatoka na gramu 8. Banda langu lina mita za ujazo 16, na nikibadilisha hewa mara moja kwa saa zinatoka kama lita 3 kwa siku: zilezile nilizomwagilia. Feni ndogo kwenye kipima unyevu kilichowekwa asilimia 70 inatosha, na kifuniko cha nje kinachojifunga inapozimika. Hewa mpya pia inaleta kaboni dioksidi, ambayo mimea huimaliza haraka kwenye chumba kilichozibwa. Feni nyingine ndogo izungushe hewa ndani ili pembe zisipoe.

Hatua ya 9: Siku tatu bila mimea

Washa kila kitu, banda likiwa tupu, na ndoo mbili za maji wazi zishike nafasi ya mimea. Weka vipimajoto vinavyokumbuka kiwango cha juu na cha chini: kimoja sakafuni, kimoja kwenye rafu, kimoja karibu na mlango. Sakafu ikipishana na rafu kwa zaidi ya nyuzi 4, elekeza feni ya ndani chini. Usiku wenye upepo pitisha mkono kuzunguka soketi na bawaba, kwani mara nyingi ndipo baridi inapochungulia.

Namba zikitulia ingiza miche, yenye kuvumilia kwanza. Mrehani uingie mwisho, rafu ya juu, mbali na mlango.