Ukihesabu wahedi wa sitini, hesabu rundo dogo

Kwenye karata za wahedi wa sitini, ugomvi mwingi huanza mwisho, wakati wa kuhesabu. Kila mtu anahesabu rundo lake la karata alizokula kwa sauti, halafu jumla haikai sawa.

Kumbuka hivi: mkitoa nane, tisa na kumi, zinabaki karata 40. Ree (A) ni alama 11, seti (saba) 10. Mizungu, yaani karata za picha, inajitaja yenyewe: mzungu wa nne (K) 4, wa tatu (J) 3, wa pili (Q) 2. Kuanzia mbili hadi sita ni garasa, hazina kitu. Kwa hiyo kila aina, iwe kopa, uru, shupaza au pau, ina 30, na zote nne ni 120. Ndiyo maana 61 inatosha kushinda, na 60 kwa 60 ni sare.

Basi tupa garasa pembeni, hesabu rundo dogo peke yake, kisha toa kwenye 120. Dogo likiwa na ree mbili, seti moja na mzungu wa tatu, hiyo ni 35. Wenye rundo kubwa wana 85. Anayebisha ahesabu lile kubwa mwenyewe.