Jinsi ya kula zambarau, forosadi na stroberi rangi yake ikufae mwilini

Watu wanahangaika supamaketi na vikopo vya bluberi zilizoletwa na ndege, bei imechangamka balaa, na hapo nje getini kuna mama kapanga zambarau kwa mafungu na hakuna anayemuangalia. Kinachosifiwa sana kwenye bluberi ni anthosayanini, yaani ile rangi yenyewe ya bluu kuelekea nyeusi, sasa zambarau anayo, forosadi anayo, na hata wekundu wa stroberi ni ndugu wa hiyo hiyo. Sisemi matunda yote yanafanana, kila moja lina mchanganyiko wake, ila ukishajua kuitunza hiyo rangi umeshamaliza nusu ya kazi.

Anza na kuchagua. Zambarau chukua iliyo nyeusi tii, imetuna, sio yenye wekundu upande mmoja maana hiyo bado haijakamilisha rangi na ukakasi wake utakukausha mdomo mpaka ukose hamu. Ukakasi kidogo usiuogope lakini, hizo ni tanini, nazo ni kemikali za mmea zinazofanyiwa utafiti sana tu. Wanaonyunyizia chumvi na pilipili endeleeni, chumvi inapunguza ukali, ila mwenye presha aende nayo taratibu. Forosadi nunua ya kula leo leo, kesho imeshavuja maji na kuchacha. Stroberi (za Limuru kwa wenzetu wa Kenya ndo tunazisikia sana) angalia wekundu umefika mpaka kwenye kikonyo, osha kwanza ndo ukitoe, ukitoa kabla maji yanaingia ndani na ladha inapotea.

Na usioshe ndo uweke frijini, osha ukiwa unataka kula. Usimenye wala usiteme ganda la zambarau, rangi nyingi iko pale kwenye ngozi.

Juisi ndo watu wanaharibu. Mtu anachemsha, anachuja mara mbili, anamimina sukari robo kilo halafu anaita juisi ya afya! Fanya hivi: ponda zambarau kwa mkono kwenye bakuli, toa kokwa, nyama na ganda weka kwenye blenda na maji kidogo, kamulia ndimu, saga, kunywa bila kuchuja. Ndimu sio mapambo, hii rangi inatulia vizuri kwenye uchachu. Kama hauamini chota juisi kijiko kimoja, tia magadi ya kuokea kidogo uone inavyotoka wekundu ikageuka bluu chafu, na ikikaa hivyo inaharibika haraka. Joto, mwanga na hewa navyo ni adui, kwa hiyo juisi ya kukaa siku nzima kwenye jagi juu ya meza ishachoka, na jamu iliyochemka mpaka ikawa kahawia ni tamu kweli ila kwa rangi usiitegemee sana.

Msimu ukiwa umepamba moto weka friza. Osha, kausha, tandaza kwenye sinia zigande moja moja ndo uzipakie kwenye mfuko na utoe hewa, ukizijaza mbichi kwa pamoja utapata tofali. Baridi haiziui sana anthosayanini. Zikiyeyuka tumia na maji yake yote, maana rangi imevujia humo.

Sasa inasaidia nini hasa? Hapa tuwe wakweli maana matangazo yamezidi. Kulikuwa na vipimo vya kushindanisha vyakula kwa nguvu ya antioksidanti (kemikali zinazosemwa kulinda seli zisiharibike), na wizara ya kilimo ya Marekani iliiondoa orodha yake mwaka 2012 kwa sababu namba za maabara hazikuonyesha kinachotokea mwilini. Anthosayanini inayoingia kwenye damu ikiwa nzima ni kidogo, nyingi inashuka utumbo mpana na bakteria wa huko wanaivunja vunja, na inawezekana faida ziko kwenye hivyo vipande. Utafiti uliotoka 2013 uliwafuatilia wanawake 93,600 huko Marekani kwa miaka 18, waliokula anthosayanini nyingi zaidi walipata shambulio la moyo pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko waliokula kidogo kabisa. Ni uhusiano tu lakini, haithibitishi kwamba tunda ndo lililozuia. Mimi ningekula bakuli dogo mara kadhaa kwa wiki msimu ukiwepo, hizo kapsuli za unga wa beri ningeziacha dukani.

Unga wa kokwa za zambarau unaouzwa kama dawa ya sukari ni habari nyingine kabisa. Usiache dawa za hospitali kwa ajili yake, na ukichanganya vyote sukari inaweza kushuka kupita kiasi, muulize daktari kwanza. Na mjamzito au yeyote anayemeza vidonge vya kuongeza damu ale zambarau mbali na vidonge na mbali na mlo, kama masaa mawili hivi, kwa sababu tanini zinashika madini ya chuma yasinyonywe vizuri.

Nguo ya mtoto ikiingia doa usikimbilie sabuni ya kipande, itaigeuza bluu kama ile juisi ya magadi. Suuza na maji baridi, paka siki au ndimu, iache kidogo, ndo ufue.