Somo: Wali wa kunata wa Kikantoni, wa kukaa kando ya bata mzinga

Haya wapendwa, tangu niweke ile picha ya meza yetu ya Novemba mmekuwa mnaniuliza ule wali wa kahawia ni pilau gani. Si pilau. Ni lo mai fan, wali wa mchele wa kunata wa Wachina wa Kantoni. Kwao Guangdong na Hong Kong ni chakula cha majira ya baridi na cha Mwaka Mpya wa Kichina. Huku California familia nyingi za Kikantoni wameuingiza kwenye Sikukuu ya Shukrani ya Marekani, ile Alhamisi ya nne ya Novemba: Wamarekani wengine wanamjaza bata mzinga mkate uliotiwa viungo, wao wanaweka wali huu.

Aliyenifundisha ni jirani yangu hapa Oakland, mama wa Hong Kong. Mwaka wa kwanza niliupika kwa akili yangu, kama pilau: nikakaanga vitu, nikamimina maji, nikatia mchele, nikafunika. Ukatoka bokoboko. Mama wa watu akaonja, akaweka kijiko chini taratibu, akaniambia nije kwake Jumamosi. Kwa hiyo shikeni hili kabla ya yote: mchele huu hauchemshwi. Unapikwa kwa mvuke peke yake, vitoweo vinapikwa peke yake, ndipo vinakutanishwa.

MAHITAJI (watu 8, kama chakula cha pembeni)

Mchele wa kunata vikombe 3. Soseji kavu za Kichina 4, zinaitwa lap cheong. Uyoga mkavu wa shitake 8. Kamba wakavu wadogo vijiko vikubwa 3. Tangawizi kipande cha kidole gumba, na majani ya vitunguu fungu moja. Sosi ya soya nyepesi vijiko vikubwa 2, ile nyeusi nzito kijiko kikubwa 1, sosi ya chaza kijiko kikubwa 1, sukari kijiko cha chai 1, pilipili manga nyeupe kidogo, mafuta ya ufuta matone machache mwishoni. Kotmiri na karanga za kukaanga za kunyunyizia juu. Chumvi msitie mpaka muonje, maana soseji, kamba na sosi zote zina chumvi yake.

HATUA

1. Usiku wa kuamkia sikukuu, osha mchele mpaka maji yatakate, uloweke. Ukichelewa sana, uloweke angalau kwa muda wa saa 4, usibane zaidi ya hapo. Ukitaka kujua umelowa, chukua punje moja uiminye kwa kucha: ikisagika kama chaki, tayari. Ikigoma, ngoja.

2. Uyoga nao uloweke mapema, hata usiku huohuo. Kamba dakika 20 zinawatosha. Maji ya uyoga usiyamwage! Ndiyo supu yako. Ila yamimine polepole, ule mchanga wa chini uuache bakulini. Kata vikonyo vya uyoga utupe, ni vigumu kama kamba ya katani.

3. Chuja mchele. Tandika kitambaa safi cha pamba kwenye chombo cha mvuke, umwage mchele, utoboe mashimo matano au sita kwa kidole ili mvuke upite. Soseji ziweke juu zikiwa nzima. Maji ya chini yachemke kweli, ndipo ufunike. Dakika 25 hadi 30. Katikati funua, nyunyiza maji kwa mkono, geuza, funika tena. Hapa ndipo pa kukodoa macho: punje mbichi ni nyeupe kama chokaa, ikiiva inakuwa kama kioo chenye ukungu. Ukiona bado kuna kiini cheupe katikati, ongeza dakika 5. Harufu ya soseji utaisikia hadi sebuleni, na mafuta yake yatakuwa yameshapaka mchele wa juu rangi.

4. Toa soseji, kata vipande vyembamba vya mshazari. Karai kavu, moto wa kati, tia soseji bila mafuta, zitatoa yake. Zikianza kujikunja kingo, tia tangawizi, kamba, kisha uyoga uliokatwa vipande vidogo. Kamba wakinukia, mimina sosi zote, sukari, na maji ya uyoga kama nusu kikombe. Acha yachemke kidogo.

5. Punguza moto. Tia wali sehemu kwa sehemu, usiumwage wote mara moja. Kata na kugeuza kwa mwiko, usiuponde. Mwanzo utakuwa na mabaka, meupe hapa, kahawia pale. Vumilia dakika 5 nyingine mpaka kila punje ipate rangi. Ukikauka, ongeza kijiko cha maji ya uyoga. Zima, tia mafuta ya ufuta na majani ya vitunguu. Kotmiri na karanga unapoandaa mezani.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, sisi huku Muscat hatuli nguruwe wala hatutumii pombe. Kuna njia?

Ipo, bibie. Lap cheong ya kawaida ni nguruwe na mara nyingi ina pombe, kwa hiyo iache kabisa. Waislamu wa Kichina wanatengeneza soseji za ng'ombe. Kwenye maduka ya Kichina tafuta maandishi 清真, qingzhen, ndiyo halali yao. Ukikosa, kata nyama ya ng'ombe vipande vidogo, iloweke kwenye sosi ya soya, sukari na ule unga wa viungo vitano vya Kichina (five-spice), uikaange mpaka ing'ae. Ukiziacha hizo soseji, mapishi yangu hayana pombe, kama ulivyoona. Soma tu vibandiko vya chupa za sosi.

Mchele wa Kyela hautafaa? Nao unashikana ukiupika vizuri.

Hautafaa, kaka. Utapata wali mtamu, lakini si huu. Mchele wa kunata karibu hauna amilosi, ile wanga inayozifanya punje ziachane. Nairobi utaupata maduka ya Wachina ya Kilimani. Mfuko ukiandikwa "glutinous" msiogope, hauna gluteni. Ila sosi ya soya kwa kawaida ina ngano, mwenye mzio aangalie hiyo.

Sina chombo cha mvuke, nina jiko la umeme la kupikia wali.

Linafaa. Mchele uliolowekwa, maji yafike usawa wa mchele, yasiufunike. Soseji juu. Utakuwa laini kidogo kuliko wa mvuke.

Kamba wakavu wa Kichina nitatoa wapi Tanga? Uduvi je?

Tumia uduvi, shoga, lakini nusu ya kipimo, harufu yake ina nguvu. Uoshe mara tatu kwa ajili ya mchanga, uukaange na tangawizi mpaka ukauke. Kwa kweli mimi naupenda zaidi, ila jirani yangu nisimwambie.

Naweza kuujaza ndani ya bata mzinga?

Wapo wanaofanya hivyo. Mimi naweka bakuli pembeni, maana ukijaza lazima katikati ya wali nako kufike nyuzi 74 za Selsiasi, na hapo nyama ya kifua imeshakauka.

Ukibaki?

Usiulaze mezani. Wali uliopoa nje usiku kucha unaweza kukuharibu tumbo hata ukiupasha moto. Ndani ya saa 2 uwe kwenye friji. Asubuhi utakuta umekuwa mgumu kama tofali: ukate vipande bapa, ukaange kwa mafuta kidogo pande zote mbili mpaka upige ukoko, uvunjie yai juu. Wanangu wanagombania huo kuliko wa jana yake.