Jinsi ya kujua kama maneno yanayofanana ni ndugu kweli au yamekutana tu

Mtu anaona neno la Kijapani liko sawasawa na la kwetu, basi keshaandika kwamba Wajapani walitokea huku, na watu wanashea bila kuuliza. Mimi inaniuma maana asili za kweli za maneno zipo na zinachunguzika, hata kwa simu tu na kamusi mbili tatu za bure.

Tuchukue neno nani. Kijapani nani ni "nini", Kihindi nani ni bibi mzaa mama, Kihawaii nani ni uzuri, Kiitaliano nani ni mbilikimo wakiwa wengi. Hiyo ya Kijapani ndo inadanganya watu sana kwa sababu nayo ni neno la kuuliza kama letu.

Kitu cha kwanza, kabla hujavuka bahari tafuta kwanza ndugu wa karibu wa kila neno. La kwetu unakuta Kilingala wanasema nani, Kiganda ani, Kishona ani, Kichewa ndani, yaani hapo unaona kabisa hiyo -ani ni mali ya Kibantu ya zamani. Alafu nenda upande wa pili ufanye hivyohivyo: nani ya Kihindi iko pamoja na nana, babu mzaa mama, na nani ya Kijapani imo tayari kwenye mashairi yao ya karne ya 8. Kila moja ina ukoo wake huko huko, hazijawahi kuonana.

Pili piga hesabu. Kihawaii kina konsonanti 8 na irabu 5, ukichukua irabu fupi peke yake unapata silabi 45 (40 za konsonanti na irabu, na 5 za irabu tupu), kwa hiyo maneno yote ya silabi mbili yanayoweza kutengenezeka ni 45 mara 45, 2,025 tu. Sasa lugha nzima inabidi ijibane humo, na Kiswahili nacho kina irabu hizohizo 5 na silabi zetu nyingi zinaishia na irabu, unategemea nini? Lazima yagongane, tena mengi, na ya Kijapani hali kadhalika.

Tatu, na hapa ndo penye uzito wenyewe naomba usome taratibu: maneno kufanana kabisa sio ushahidi, ushahidi ni tofauti inayojirudia. Angalia sisi na Wachewa. Jina wao dzina, jino dzino, jua dzuwa, maji madzi. Hakuna hata moja lililo sawa, ila kila penye j yetu hapo wao wana dz, na bahati haiwezi kurudia kitu kilekile neno baada ya neno. Kwa hiyo ukipata neno moja linalofanana usishangilie, tafuta mengine yanayofuata njia ileile, ukikosa basi huna kitu.

Nne ulizia neno lilikuwaje zamani, sio sura ya leo tu. Miaka ya 1960 mtaalamu wa lugha R. M. W. Dixon alikuwa Queensland, Australia, anarekodi Kimbabaram, lugha ya wenyeji iliyokuwa inakaribia kufa, akauliza mbwa anaitwaje akajibiwa dog, kama Kiingereza! Ungedhani wameazima kwa wazungu. Lakini lugha jirani ya Kiyidiny inasema gudaga, na ukifuatilia mabadiliko ya Kimbabaram unaona silabi ya kwanza imedondoka, a ya katikati ikageuka o, irabu ya mwisho nayo ikaanguka, imebaki dog. Neno ni lao kabisa.

Tano tafuta njia, yaani nani alikutana na nani, wapi na lini. Meza ya kulia chakula ni mesa ya Kireno, hiyo s wanaitamka z, na Wareno walifika pwani yetu 1498 wakakaa muda mrefu mpaka Fort Jesus wakajenga, kwa hiyo njia ipo wazi. Ila kumeza chakula ni Kibantu, Kichewa kumeza, Kishona kumedza. Maneno mawili pacha ndani ya lugha moja na asili mbalimbali. Chai nayo ina njia, imetoka China ikapita kwa wafanyabiashara, ndo maana iko Kihindi, Kirusi na Kituruki pia, hapo kufanana ni kwa kweli.

Mwisho, mama na baba usiyaingize kabisa kwenye ushahidi wako. Watoto dunia nzima wanaanza na m, b, p na a, wazazi wanajipachikia maana wenyewe, mpaka Kijojia mama ni baba mzazi, na Kirusi baba ni mwanamke, hasa mzee wa kijijini.