Jua la Dar na hela ndogo: jinsi ya kuchagua sakafu ya kupita gari, toka getini mpaka barazani

Wadau, mimi ni fundi pevingi (zile bloki za simenti za kupanga chini), na kila ikifika mwezi wa 12 joto likipanda napigiwa simu za swali moja tu, fundi hela sina nyingi, gari linazama mchangani, niweke nini? Fuateni hivi.

Hatua ya 1. Chimba kwanza. Usianze na rangi ya bloki, chukua jembe uchimbe shimo la futi moja pale tairi litakapopita. Ukikuta kichanga umeshaokoa hela maana maji yanazama yenyewe. Ukikuta ule udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, uutoe ujaze kifusi, la sivyo chochote utakachoweka juu kitaharibika.

Hatua ya 2. Linganisha.

Lami achana nayo kwa nyumba. Ni nyeusi, inakula jua kutwa, saa nane mchana mtoto hawezi kukanyaga peku, na lami ya moto inatoka mtamboni kwa lori, sasa kwa kaeneo kako hako hakuna atakayekuja kwa bei ya maana.

Kokoto tupu ndo bei rahisi kuliko zote na maji yanapita, ila zinahama, itabidi uwe unarudishia na reki, na penye mteremko usijaribu kabisa. Chukua za machimbo ya Lugoba, mkoa wa Pwani, ni ngumu. Zile nyeupe za matumbawe ni bei chee lakini tairi linazisaga zinakuwa unga.

Zege la inchi 4 kwa 1:2:4 (simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne) ni imara, lakini jua la huku ndo adui yake, limwagwe alfajiri, liwekewe mkato kila mita 3, limwagiwe maji siku 7 bila kuruka hata moja. Likipasuka kiraka kinaonekana milele.

Pevingi ndo chaguo langu. Joto likitanua kila bloki inapumua kwenye kiungo chake, bomba likipasuka chini unang'oa unatengeneza unarudisha zilezile. Chukua kijivu cha simenti, nyeusi na nyekundu unalipia rangi halafu zinachoma zaidi.

Hatua ya 3. Hela haitoshi? Weka njia mbili za tairi tu. Kila moja sm 60, katikati acha kama sm 90 upande nyasi au umwage kokoto (pima gari lako kwanza). Piga hesabu, njia ya mita 12 kwa upana wa mita 3 ni mita za mraba 36, kwa bloki za sm 20 kwa 10 zinazoingia 50 kwa mita ya mraba unahitaji 1,800. Njia mbili ni bloki 720 tu! Na zile nyasi za katikati zinapoza uwanja, jioni utaona tofauti.

Hatua ya 4. Kununua. Kwa gari dogo unene sm 6, lori la maji likiingia mara kwa mara chukua sm 8. Gonganisha bloki mbili, zilie kama chuma, zikilia bubu acha. Kwaruza pembe na msumari, ikimwagika unga ondoka. Uliza zimefyatuliwa lini maana wengine wanauza za siku tatu, na bloki inataka siku 28.

Hatua ya 5. Kulaza. Chimba sm 24, jaza kifusi sm 15 kwa matabaka mawili, kila tabaka limwagie maji na upitishe kompakta (mashine ya kushindilia). Mteremko sm 2 kwa kila mita, maji yaende bustanini yasije ukutani. Kisha kabstoni (bloki za ukingo za kuzuia zingine zisihame) pembeni, na hapa naomba mnisikilize, kuna nyumba mwenyewe aliniomba tuziruke abane hela nikakubali, masika ilipoisha bloki za pembeni zote zilikuwa zimefunguka na bado inaniuma maana alilipa mara mbili. Ukishaweka kabstoni mwaga mchanga sm 3, usawazishe na rula bila kuushindilia, panga bloki mfupa wa samaki (zigizaga), ndo mtindo unaokamatana tairi likikata kona. Fagilia mchanga mkavu laini kwenye viungo, pitisha kompakta, fagilia tena.

Mvua ya kwanza kubwa ikipita mchanga wa viungoni utashuka, weka akiba ndoo mbili tatu uongezee siku hiyohiyo ikishakauka.