Mgodi wa Dhahabu Unapopanuliwa: Kupima Athari za Magari na Njia, Hatua kwa Hatua

Dhahabu yenyewe haijazi barabara. Ya wiki nzima huingia kwenye gari dogo moja. Kinachojaza barabara ni vitu vinavyoulisha mgodi: dizeli, chokaa, sianidi, vyuma vya kusagia mawe, vipuri, saruji ya ujenzi na mabasi ya wafanyakazi. Mgodi unaweza kuwa Singida, lakini shehena iliyoshushwa bandari ya Tanga ikaletwa kwa njia ya kaskazini hupita Himo, Moshi, Arusha, Makuyuni na Babati kwanza. Ndiyo maana kazi ya kupima athari za magari haianzii getini pa mgodi.

1. Fuata njia yote kwa gari, kalamu mkononi. Kwa kila kipande andika nani anakitunza (barabara kuu na za mkoa ni za wakala wa serikali TANROADS, za wilaya na vijijini ni za wakala mwingine, TARURA), upana, lami au changarawe, makalvati, shule, zahanati na mahali pa mnada. Waulize madereva kwenye maegesho ya malori wanapita wapi hasa. Ramani ikisema baipasi (barabara ya kuzunguka mji) ya Arusha wakati wao wanakatiza mjini, fuata ya madereva.

2. Hesabu kilichopo sasa. Siku saba mfululizo, kwa muda wa saa 12 kila siku, na saa 24 nzima kwa siku moja ya kazi na moja ya wikendi. Weka mhesabuji mmoja kwa kila upande wa mwelekeo, fomu ikiwa na mistari ya dakika 15. Safu zitofautiane: bodaboda, bajaji, gari dogo, haisi, basi, Fuso, tipa, lori la tela. Kisha ongeza safu ambazo wengi huziacha: waenda kwa miguu, watoto wa shule, baiskeli, punda wa maji, mifugo. Mama anayevuka na punda wawili hatumii sekunde tano kama kijana. Muda wake wa kuvuka upimwe kwa saa ya mkononi, usikisiwe.

Wiki ya kuhesabu iliyochaguliwa vibaya huharibu tathmini kuliko fomu mbaya. Nusu ya pili ya Desemba barabara ya Moshi hufurika watu wanaorudi nyumbani kwa Krismasi. Wakati wa likizo za shule hakuna mtoto wa kuhesabu. Julai, Landikruza za watalii huongeza idadi hadi Makuyuni zinapokata kwenda Mto wa Mbu, na baada ya hapo idadi hushuka. Hakikisha siku ya mnada imo ndani ya wiki yako.

3. Geuza tani kuwa mipito. Safari moja ni mipito miwili, kwenda na kurudi. Kuhesabu mmoja ni kosa linalojirudia kwenye ripoti. Tuseme upanuzi unaongeza lita 40,000 za dizeli kwa siku: ni tangi moja kubwa, mipito miwili. Wafanyakazi 300 wapya kwa zamu mbili, basi la viti 50: mabasi matatu kila zamu, mipito 12 kwa siku.

Ujenzi uhesabiwe peke yake. Zege la mita za ujazo 3,000 hula takriban tani 1,050 za saruji, yaani malori 35 ya tani 30, na takriban tani 5,700 za kokoto na mchanga, yaani tipa 285 za tani 20. Jumla ni mipito 640. Ukiigawa kwa siku 48 za kazi unapata kama 13 kwa siku, namba inayoonekana ndogo. Lakini zege la msingi mkubwa humwagwa kwa siku chache, na tipa huja zikifuatana, pengine saa moja asubuhi watoto wakienda shule. Andika saa yenye mipito mingi zaidi. Wastani usiuandike peke yake.

4. Pima uzito wa ekseli, yaani mhimili unaobeba matairi. Ekseli ya kipimo, inayotumika kulinganishia, ni tani 8.16. Gawanya uzito wa ekseli kwa namba hiyo, kisha pandisha kwa kipeo cha 4.5: jibu ni mara ngapi ekseli hiyo inaiharibu barabara kuliko ile ya kipimo. Ekseli moja yenye matairi manne ikibeba tani 10, kikomo cha sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, inapata 2.5. Ikibeba tani 12 inapata 5.7: tani mbili tu, na uharibifu umezidi mara mbili. Malori ya masafa hukutana na mizani ya Njiapanda Himo na Makuyuni, ila tipa za machimbo ya jirani huenda zisipite mizani yoyote. Hizo zipimwe kwa mizani ya kuhamishika. Barabara ya changarawe ipimwe pia wakati wa masika, inapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote.

5. Njiapanda. Lori la tela linalokata kulia kuingia barabara kuu linahitaji kama sekunde 11.5. Gari linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa hukata mita 22.2 kila sekunde, kwa hiyo dereva aone mita 256 bila kizuizi. Kaa kwenye kiti cha lori uangalie, kisha rudia ukiwa ndani ya gari dogo: kichaka ambacho dereva wa lori anakiona kwa juu humziba mwenye gari dogo.

6. Njia zitakazomezwa na shimo la mgodi. Hapa ndipo wanakijiji huumia kimyakimya. Kilomita tatu za mzunguko ni dakika chache kwa gari, ila kwa mtoto anayetembea ni dakika 45 kwenda na 45 kurudi. Pima mzunguko kwa miguu, pamoja na wenyeji, na weka alama kwenye njia za mifugo na za maji ambazo ramani hazina. Kama barabara itafungwa wakati wa kulipua baruti, andika dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki, na gari la mgonjwa litapitishwa vipi.

7. Andika masharti yanayopimika. "Mgodi utapunguza vumbi" haikaguliki. Andika: boza limwage maji mara mbili kabla ya saa nne asubuhi siku zisizo na mvua, mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa penye nyumba, tipa zisipite mbele ya shule kati ya saa 1:00 na 2:00 asubuhi. Kila sharti liwe na jina la cheo cha msimamizi, na nakala ya Kiswahili ibandikwe ofisi ya kijiji.